Naomba ushauri: kupima poliamini za mwani bila kuchanganya na za diatomu

Ndugu zangu wataalamu wa viumbe vya bahari, naomba mnisaidie. Ninalinganisha poliamini (molekuli ndogo zenye nitrojeni zilizomo katika seli hai) za makundi mbalimbali ya mwani, nikianza na mwani mwekundu unaolimwa Paje, Unguja, yaani spinosamu na kotonii, pamoja na mwani wa kijani unaoota kwenye mawe ya pwani.

Poliamini za putresini na spermidini zimeenea karibu katika makundi yote, hivyo hazinisumbui. Shida yangu ni poliamini nyingine, norspermidini, ambayo hupatikana katika baadhi ya mwani wa kijani na pia katika diatomu (mwani mdogo sana wa seli moja), ambazo hutumia poliamini za minyororo mirefu kujijengea magamba ya silika (madini yanayofanana na kioo). Nilipoweka kitawi cha spinosamu chini ya hadubini, kilichoonekana safi kwa macho, nilikuta vijidude vya rangi ya hudhurungi, vyembamba mfano wa mitumbwi, vimeshikamana nacho kila upande, nikavidhania kuwa diatomu. Nikisaga kitawi hicho kama kilivyo, nitajuaje kilichopimwa ni cha mwani na si cha wageni wake?

Nimejaribu kusuuza kwa maji ya bahari yaliyochujwa na kusugua kwa brashi laini, lakini nachelea kuujeruhi mwani, kwa kuwa mateso hupandisha putresini. Je, mnasafishaje sampuli zenu? Na je, ni sahihi kuchuma wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa na jua limeuchoma mwani, au nisubiri maji yajae?