Tupeane uzoefu: manowari uliyoichora mwenyewe ikakuzamia mbele ya macho yako

Nahodha_wa_Kitandani

Wakuu habari za jioni. Nina miezi kama minne nacheza Ultimate Admiral: Dreadnoughts, lile gemu la Game-Labs ambalo unachora manowari zako mwenyewe kuanzia 1890 mpaka 1940 halafu unaingia nazo vitani, na nimegundua kitu kimoja tu, mezani mimi ni injinia ila baharini mimi ni takataka. Sasa wale mnaolicheza njooni tupeane uzoefu, meli gani uliichora ukajipiga kifua halafu ikakuaibisha, na gemu lenyewe wapi linakupa raha na wapi linakutia hasira.

Naanza mimi. Nilichukua Urusi, 1890. Hela haipo ya kuchezea lakini nikasema bora meli moja ya maana kuliko tano za ovyo. Nikachagua bodi kubwa kuliko zote zilizokuwepo, nikabandika mizinga ya inchi 12 mbele na nyuma, nikaona ubavuni kuna nafasi nikajaza midogo, nikaona bado kuna nafasi nikaongeza, deraya, yale mabamba ya chuma ya kukinga, nikaivuta mpaka tani zikagoma. Kule pembeni gemu linakuandikia uzito umeelemea wapi, langu lilikuwa linasema omo, yaani mbele, imezidi, nikasema aah namba tu hizo. Meli ilijengwa miezi na miezi nakata bajeti ya kila kitu kuisubiri. Vita ya kwanza na Japani, wale jamaa wamekuja na vimeli viwili vya kawaida kabisa, mimi napiga risasi zinaangukia baharini kama navua samaki kwa baruti, wao wananigonga tu. Tundu moja mbele, maji yakaingia, omo ikainama, spidi ikafa, basi. Nilikaa naangalia dakika kumi nzima inazama polepole.

Baadaye nikaja kusoma kumbe Warusi wa kweli yaliwakuta haya haya, ile safari yao ndefu ya kwenda kupigana na Japani kule Tsushima mwaka 1905, walipumzika Nosy Be pale Madagascar miezi kama miwili, meli zimejazwa makaa ya mawe mpaka juu ya sitaha, zikadidimia kiasi kwamba ule mkanda wa deraya uliotakiwa kukinga ubavu ukawa chini ya maji. Chuma kinakinga samaki. Sikujisikia vibaya sana baada ya hapo.

mwana_shangani

Mkuu umenichekesha, ila hiyo namba ya omo na tezi, mbele na nyuma, ndo roho ya gemu zima, ukiidharau umekwisha.

Mie ami yangu ni fundi wa majahazi Nungwi, sasa kazi kaacha, miguu inamsumbua, anakaa kwetu. Siku moja nipo nachora kruza yangu ya Italia, manowari ya kati yenye mbio, yeye kakaa nyuma yangu na kikombe cha chai kimya, nikajua hata haangalii. Mara nasikia, "Chombo hichi kinakwenda mrama." Nikamwambia ami hiki si chombo cha tanga, hiki cha chuma na mashine. Akasema chuma kisiwe chuma, maji ni yale yale, kizito kipo juu na mbele, farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo, umeweka wapi? Nikamwambia gemu halina farumi. Akashangaa kweli kweli, akaniambia basi huyo aliyeunda hilo gemu kakunyima kitu cha kwanza. Halafu akanyosha kidole kwenye kioo, akaniambia huu mnara mrefu usogeze kati, hizi dohani mbili za moshi zirudi nyuma kidogo, na hilo zinga la juu lishushe. Nikafanya kama alivyosema kwa kumstahi tu. Wallahi namba ilitoka asilimia kumi na kitu ikaja moja na ushei, na ile ya kuyumba ikashuka nayo, mizinga ikaanza kupiga pale ninapoilenga.

Sifa yangu kubwa kwa gemu hili ndo hiyo, mtu aliyeunda vyombo maisha yake yote na hajawahi kushika mausi anaangalia mara moja anaona kosa. Kasoro ni kwamba hawakuachii uhuru kamili, bodi ni zile zile walizokupa, na sehemu za kushikiza minara wamezipanga wao, wewe unataka usogeze kidogo tu lakini kitu kinaruka kinakwenda pengine au kinakuwa chekundu. Ami akaniuliza kwa nini hatuanzi na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Sikuwa na jibu.

OchiWaMajini

Wasee wa bongo salimieni huyo mzee lol.

Yangu ilikuwa Uingereza 1910, zile kruza kubwa za vita, mizinga ya dreadnought, zile manowari kubwa kabisa, lakini deraya nyembamba ndio ikimbie. Kwenye karatasi ni kitu poa sana, kasi ya noti 27 (maili za baharini kwa saa), unachagua umbali wa kupigana, ukiona moto umekuwa mwingi unatoka. Nikachagua pia risasi nyingi kuliko kawaida, na baruti ile yenye nguvu zaidi bila kusoma maandishi madogo ya chini. Nikatoka na nne. Mjerumani akanigonga moja kwenye mzinga wa pili, ile meli haikuzama, ilipotea. Moshi, na namba ya meli zangu imetoka nne imekuwa tatu. Dakika sita baadaye tena. Nikazima kompyuta nikaenda kununua smokie, soseji ya mtaani.

Kumbe ni vita ya Jutland nimejiandikia upya, 31 Mei 1916, Waingereza walipoteza kruza zao kubwa Indefatigable, Queen Mary na Invincible hivyo hivyo, zaidi ya watu 3,000 kwa hizo tatu. Walikuwa wanataka kupiga haraka haraka, wakawa wanarundika baruti nje ya stoo yake na milango ya kuzuia moto imeachwa wazi. Na Mjerumani alikuwa ameshafunzwa mapema, manowari yao Seydlitz iliungua minara yake miwili ya mizinga ya nyuma Januari 1915 kwenye vita ya Dogger Bank ikafa watu 159 lakini meli ikarudi nyumbani, wakaenda wakarekebisha. Gemu linakupa hiyo tabu yote kwa kitufe kimoja cha kuchagua idadi ya risasi, na haliko na huruma. Hapo nawapa maua yao.

Usiku_Muscat

Mimi nipo Muscat, zamu ya usiku ulinzi, nacheza nikirudi asubuhi kabla sijalala. Mnasifia mezani na mimi nakubali, sasa ngoja niseme ya baharini maana naona mnayakwepa.

Adui anakimbia. Ndo tatizo langu la kwanza na la mwisho. Umechora, umejenga, umesubiri miaka miwili ya gemu, mwezi mmoja mmoja, hatimaye mnakutana baharini, una meli sita yeye ana nne, akishahesabu tu anageuza tezi anaondoka. Mnafukuzana. Unaongeza kasi ya muda, mnafukuzana. Siku moja nilifukuza kruza mbili za Ufaransa tangu nimevua viatu mpaka wenzangu wa zamu ya mchana wananipigia simu kuuliza funguo, nimepiga risasi karibu zote na waliopata jeraha ni mawimbi. Nikifanikiwa kuwafikia usiku umeingia kwenye gemu, hawaonekani, vita imekwisha, droo.

Halafu kubonyeza mwezi unaofuata. Kwenye kompyuta yangu hii ya zamani, kampeni ikishafika 1920 hivi, nchi zote kumi zinachora meli zao hapo ndani, mimi nabonyeza, nakwenda kuoga, napika chai, nakunywa, narudi, bado. Na meli zenyewe wanazochora baada ya kufikiri kote huko, nimewahi kukutana na ya Austria ina dohani tatu na mzinga mmoja, sikujua nipige au niwape pole.

kijana_wa_mtaa

si mngecheza mpira tu kama watu wengine

Nahodha_wa_Kitandani

@kijana_wa_mtaa mpira nao wanakimbia wakiwa wanaongoza bao moja, hakuna tofauti.

@Usiku_Muscat umenikumbusha jingine, katikati ya vita huwezi kusevu. Mimi nilikuwa nakaribia kummaliza Mjapani ile kampeni ya pili, zimebaki mbili na moja inawaka, umeme ukakatika mtaa mzima. Ulivyorudi nikaanza vita ile ile upya, safari hii nikapigwa mimi. Siku hizi naangalia kwanza betri kama inashika chaji ndo natangaza vita.

Mwalimu_Ikwiriri

Wanabodi, mimi nafundisha historia huku Rufiji, na nililinunua gemu hili kwa sababu moja ya kipuuzi, nilitaka kuichora Königsberg. Wanafunzi wangu wanaijua kwa jina tu. Ile kruza ya Mjerumani ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Zanzibar mashine zimefunguliwa zinatengenezwa. Pegasus nayo ilikuwa na mizinga minane ya inchi 4. Ukipiga hesabu inchi 4 na sentimita 10.5 ni kama kitu kimoja. Lakini ya Mjerumani ilikuwa ya kisasa zaidi ikafika mbali, ya Mwingereza haikufika, ikawa ni kupigwa tu mpaka basi.

Nikaichora. Na hapa natoa sifa kwa moyo mweupe, gemu linakuruhusu kurefusha mtutu wa mzinga bila kubadili kipenyo chake. Nikatengeneza meli mbili, unene wa mzinga ule ule, moja mtutu mrefu na moja mfupi, nikazipiganisha. Nilielewa zaidi kwa nusu saa hiyo kuliko miaka niliyokaa nasoma kwamba Pegasus "ilizidiwa". Ilizidiwa kwa kipi? Kwa umbali wa kufika, ingawa unene wa mzinga ni karibu ule ule. Nikawaonyesha form three kwenye projekta, darasa likapiga kelele mpaka mkuu wa shule akaja.

Sasa kilichofuata ndicho gemu lilichoshindwa. Königsberg ikajificha huku kwetu kwenye delta, meli kubwa haziwezi kuingia, kina hakitoshi. Waingereza wakaleta vimeli viwili, Severn na Mersey, vilivyokuwa vimejengwa kwa ajili ya Brazil kutumika mtoni, vifupi, vipana, vinakaa juu juu ya maji, vina mizinga ya inchi 6. Wakajaribu 6 Julai 1915 wakashindwa, wakarudi tarehe 11, na aliyewaambia risasi zinaanguka wapi alikuwa juu, kwenye ndege iliyotoka Mafia, maana vimeli vyenyewe havikuwa vinaiona Königsberg, kulikuwa na mikoko katikati. Siku hiyo Wajerumani wakaizamisha wenyewe.

Humo kwenye gemu mto hakuna, mikoko hakuna, kina kifupi hakina maana yoyote, na ndege hakuna kabisa hata ukifika 1940. Nyambizi zipo ila unaziona kwenye ramani tu, matokeo wanakuletea. Kwa hiyo kitu kilichomaliza manowari mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuja pwani hii hakimo. Gemu linajua bahari kubwa tu, mnaonana mnapigana. Nikiwaambia wanafunzi hivyo wanasema mwalimu basi Mjerumani angeshinda.

Mizinga ya Königsberg waliivua wakaitumia nchi kavu, mmoja upo Fort Jesus Mombasa, mwenye nafasi apite akauone.

Kgm_Ziwani

Mwalimu hujamaliza hadithi, mzinga mmoja ulikuja huku kwetu Kigoma ukafungwa kwenye Goetzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndo hii Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaungwa hapa. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuiopoa, ikaanza kazi upya 1927 kwa jina la Liemba. Babu yangu kaipanda, baba kaipanda, mimi nimetapika ndani yake.

Uzoefu wangu ni mfupi, mimi sina hela za kujenga mameli makubwa kwenye hilo gemu kwa hiyo nacheza Uhispania na najaza boti ndogo za torpedo, yale mabomu yanayokwenda chini ya maji. Bei ya dude moja kubwa unapata boti nyingi tu. Unazituma usiku au mvua ikinyesha, nyingi zinakufa, ila moja ikifika karibu, lile dude la miaka mitatu linalala ubavu. Hakuna raha kama hiyo. Niliwahi kuzamisha dreadnought ya Marekani nikapiga kelele jirani akagonga ukuta. Ikishafika miaka ya mbele mizinga midogo yao inakuwa hatari na mchezo unakufa, lakini kabla ya hapo maskini anakula vizuri.

OchiWaMajini

@Kgm_Ziwani Uhispania na maboti? Wewe ndio ule adui anakimbia anatuchosha huku.

Kgm_Ziwani

Nikimbie nina nini cha kupoteza, nakuja moja kwa moja.

mwana_shangani

Nimerudi na habari za ami. Baada ya kumsomea haya yenu usiku, asubuhi kaniambia leo anachora yeye. Mie nashika mausi, yeye anaelekeza. Tumetumia toka kifungua kinywa mpaka adhuhuri, kruza moja. Omo na tezi sifuri kwa sifuri, haiyumbi, nzuri mashallah, sijapata kuona chombo kimenyooka namna ile. Mizinga mikubwa kaweka miwili tu, mingine yote kasema inaharibu umbo.

Tukaingia vitani na Mturuki wa Austria sijui nani, dakika ishirini ikawa chini. Ami kanyamaza, kamaliza chai yake, kasema huyo mwengine chombo chake kibaya. Kisha kaniuliza kama tunaweza kuichora tena ile ile.