Mafundi wa maiki za kondensa, acheni kuhukumu maiki kabla ya kupima!

Wakuu, huu mchezo umezidi. Mtu anapeleka maiki ya kondensa (ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi) kwa fundi kwa sababu inavuma au inakwaruza. Fundi anaichomeka, anaisikiliza kidogo, hukumu inatoka: "Kapsuli imekufa, nunua nyingine," yaani kile kipande kinachonasa sauti. Hajafungua skrubu hata moja, multimita hajaigusa, na hela ya kucheki anachukua!

Kila kelele ina kwao, na kupata kwao si kazi ya kubahatisha. Kwanza itenge maiki. Chukua plagi tupu ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu) ya kiume, lehemu rezista ya omu 150 kati ya pini 2 na 3, ichomeke kwenye kebo mahali pa maiki, gaini (kiwango cha kukuza sauti) usiiguse. Kelele ikibaki ileile, maiki haihusiki. Tafuta kwenye kebo, kwenye mikisa, au chomoa chaja ya laptop utumie betri. Chaja za pini mbili zisizo na ethi huvujisha umeme kidogo kupitia kapasita zake za ndani, na huo mvumo ndio watu wanauziwa kapsuli mpya kwa ajili yake.

Kelele ikiisha, sasa pima fantomu, ule umeme wa volti 48 ambao mikisa inaupeleka kwa maiki kupitia kebo. Bila maiki, pini 2 kwenda 1 na pini 3 kwenda 1 zote zisome kati ya volti 44 na 52. Maiki ikiwa imeunganishwa, pimia kwenye bodi yake. Volti lazima zishuke, maana kila mguu, yaani pini 2 na pini 3, unapitia rezista ya kiloomu 6.8 ndani ya mikisa. Maiki inayokula miliampia 3 kwa jumla itasoma volti 38 hivi. Kuna fundi anayeona 38 akasema "umeme mdogo"! Huo si ubovu. Ubovu ni pini moja kusoma 38 na nyingine 31. Hamia chaneli nyingine ya mikisa: tofauti ikikufuata, shida iko upande wa maiki, mara nyingi transista moja ya kutolea sauti imechoka, isipokufuata, kagua rezista ya mikisa, huenda imehama thamani. Miguu ikipishana, mvumo wa hezi 50 uliopaswa kujifuta wenyewe unapita.

Sasa linaloniudhi kuliko yote: dawa ya kupuliza. Jamani, msipulize kisafishio cha swichi ndani ya maiki ya kondensa! Pale kapsuli inapokutana na geti (mguu wa kuingizia) ya FET, transista ya kwanza ya kukuza sauti, kuna rezista kubwa, mara nyingi ya gigaomu 1. Uvujaji wa nanoampia 1 tu unazaa volti 1 pale. Alama ya kidole inatosha, flaksi (dawa ya kulehemu) iliyobaki baada ya kulehemu inatosha, na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa ukikaa juu ya uchafu huo ndiyo ile mipasuko ya "pa, pa" inayokuja na kuondoka. Tiba yake ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, kwenye bodi pekee, kapsuli ikiwa imetolewa. Ikauke kabisa, na usiishike tena kwa vidole vitupu. Kapsuli yenyewe iweke kwenye chupa iliyofungwa pamoja na vipakiti vya silika usiku kucha kabla hujaitangaza marehemu.

Unataka uhakika? Fungua waya wa kapsuli, weka kapasita ya pikofaradi 47 kutoka geti kwenda ardhi ya bodi, rudisha ganda la chuma, sikiliza. Mipasuko ikiisha, kapsuli ndiyo mbaya na una haki ya kusema hivyo. Ikiendelea, ni FET, ile rezista au uchafu wa bodi.

Na wale wanaokosa gigaomu 1 dukani wakaweka megaomu 10, mnaharibu kabisa. Kwa kapsuli ya pikofaradi 50, besi inaanza kukatika karibu na hezi 320 badala ya hezi 3, na mchuruziko wa kelele unapanda, maana kwenye sehemu hii rezista ndogo ndiyo inayoleta kelele nyingi. Kama huna, mwambie mteja huna.

Mvumo unaopungua ukishika ganda kwa mkono: ganda halijaungana na pini 1. Mara nyingi ni rangi iliyo chini ya skrubu. Ikwangue, kaza, umemaliza. Ule mlio wa simu wa "trr trr" unapunguzwa na kapasita mbili za pikofaradi 100, pini 2 kwenda 1 na pini 3 kwenda 1, karibu kabisa na plagi. Mchuruziko wa "shhh" usiokoma, kagua kapasita iliyo sambamba na zena (diodi inayotuliza volti). Ikikauka, kelele ya zena inaingia kwenye sauti.

Wauzaji nanyi: kumpa mteja maiki ya volti 48 na kebo ya kuchomeka kwenye tundu la kompyuta lenye volti chache, ukamwambia "iko fiti", ni kumwibia. Atapandisha gaini mpaka mwisho, asikie kelele tupu, halafu mumuuzie nyingine.

Mwenye maiki iliyohukumiwa aweke hapa volti za pini 2 na 3, aina ya kelele, na matokeo ya ile rezista ya omu 150. Fundi aliyemtoza bila kupima hivi amrudishie hela yake.