Magavana wanawake walifika saba mwaka 2022, wawakilishi wa wadi bado ni wachache: sababu ni nini?

Mfuatiliaji wa Ugatuzi, Nakuru

Ndugu na dada zangu, naomba mnisaidie kuelewa jambo linalonisumbua tangu nilipoanza kulinganisha matokeo ya chaguzi tatu zilizofanyika Kenya chini ya mfumo wa kaunti. Mwaka 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana katika kaunti zote 47, na hata maseneta waliochaguliwa moja kwa moja walikuwa wanaume watupu. Mwaka 2017 walipatikana magavana watatu, yaani Joyce Laboso wa Bomet, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga, na mwaka 2022 wakafika saba. Nikishuka kwenye wadi, ambazo ni 1,450 nchi nzima, nakuta wanawake waliochaguliwa kuziwakilisha katika mabunge ya kaunti ni 82 mwaka 2013, 96 mwaka 2017 na 115 mwaka 2022. Maana yake ni kwamba mwaka 2022 kwenye ugavana tulikaribia asilimia 15, ilhali kwenye wadi hatukufikisha hata asilimia 8.

Nilitarajia kinyume chake. Wadi ni eneo dogo, kampeni yake haihitaji mamilioni ya gavana, na wapigakura wanamjua mgombea kwa sura, kwa familia na kwa kazi aliyoifanya katika chama cha akina mama au kamati ya shule. Mbona ngazi iliyo karibu zaidi na mwananchi ndiyo inayomfungia mwanamke mlango?

Mwalimu wa Historia, Kisumu

Ndugu, tofauti hiyo haikuanza na ugatuzi, yaani mfumo huu wa kaunti. Hapa kwetu Kisumu, Grace Onyango alikuwa meya mwaka 1965, wakati ambapo Bunge la taifa halikuwa na mwanamke yeyote aliyechaguliwa. Ni yeye mwenyewe aliyekuja kuwa wa kwanza mwaka 1969. Nairobi nayo iliongozwa na Margaret Kenyatta kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Mtu akisoma majina hayo peke yake anaweza kudhani kwamba mabaraza ya miji yalikuwa yamewafungulia wanawake milango, lakini tukumbuke kwamba meya alichaguliwa na madiwani wenzake, si na wananchi. Mwanamke mmoja mwenye uwezo na jina angeweza kukubalika na baraza zima huku madiwani waliomzunguka wakibaki kuwa wanaume karibu wote.

Tazama sasa magavana saba wa mwaka 2022 na njia walizopitia. Gladys Wanga wa Homa Bay alikuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti hiyo, yaani mbunge mwanamke anayechaguliwa na kaunti nzima, kwa mihula miwili, na Kawira Mwangaza wa Meru kwa muhula mmoja. Susan Kihika, gavana wenu huko Nakuru, alianza kama spika wa bunge la kaunti, akawa seneta, ndipo akawania ugavana. Fatuma Achani wa Kwale alikuwa naibu gavana tangu mwaka 2013. Wavinya Ndeti wa Machakos na Cecily Mbarire wa Embu walikuwa wamekaa Bungeni kabla, na wote wawili walikuwa wameshawahi kuwania ugavana wakashindwa. Waiguru alikuwa anatetea kiti chake, baada ya kuwa waziri wa ugatuzi. Hakuna aliyetoka nyumbani moja kwa moja akaingia katika ofisi ya gavana. Kila mmoja alikuwa na cheo kilicholifanya jina lake lizoeleke katika kaunti nzima, na kwa baadhi yao cheo hicho ni kile kiti cha mwakilishi wa wanawake kilicholetwa na Katiba ya 2010. Phoebe Asiyo aliwasilisha Bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi mwaka 1997, na hoja ile ikaangushwa. Ningependa vijana wanaodharau viti hivi walijue hilo.

Mgombea wa wadi hana ngazi ya namna hiyo. Kwake yeye, wadi ndiyo ngazi ya kwanza.

Mratibu wa Kampeni, Kwale

Mwalimu ameeleza vizuri, nami naongeza yale ninayoyaona mashinani, kwa kuwa nimesimamia kampeni za wanawake katika wadi za Pwani.

Udogo wa wadi ambao ndugu yetu anauona kuwa nafuu ndio unaomwumiza mgombea mwanamke. Katika kaunti nzima hakuna ukoo mmoja unaoweza kuamua matokeo, lakini katika wadi, koo mbili au tatu zikikaa pamoja na wazee wao, jambo limekwisha kabla ya kampeni kuanza. Hapo ndipo mwanamke anapoulizwa maswali ambayo kaka yake haulizwi. Akigombea alikozaliwa, anaambiwa kwamba ameolewa kwingine na maendeleo atayapeleka kwa mumewe. Akigombea alikoolewa, anaambiwa kwamba ni mgeni. Asiyeolewa anaulizwa atawezaje kuongoza watu ilhali hana nyumba. Nimeyasikia maswali hayo katika mikutano ya hadhara, na mara nyingine yanaulizwa na wanawake wenzetu.

Kisha kuna mchujo wa chama, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wake. Ada ya Tume ya Uchaguzi si kikwazo kikubwa, kwani mgombea wa wadi hulipa shilingi 5,000, na mwanamke hulipa nusu yake. Gharama halisi ni kulisha mawakala, kukodi magari, kuchangia misiba na harambee kwa miaka miwili kabla ya kura, na kuhudhuria vikao vya usiku ambako makubaliano ya kweli hufanyika. Mwanamume akirudi nyumbani saa saba za usiku kutoka kwenye kikao, anasifiwa kuwa anatafuta kura. Mwanamke akifanya hivyo, anatungiwa hadithi, na hadithi hiyo inaweza kumvunjia ndoa. Mmoja wa wagombea niliowasaidia alishinda mchujo kwa kura zilizohesabiwa mbele yetu sote, kisha cheti cha kugombea kwa tiketi ya chama kikatolewa kwa mtu mwingine na maofisa wa chama chake. Aliambiwa atulie, kwa kuwa jina lake litawekwa kwenye orodha ya uteuzi.

Wakili, Mombasa

Maneno hayo ya mwisho ya dada yetu ndiyo kiini cha jambo hili kisheria. Ibara ya 177 ya Katiba inataka kila bunge la kaunti liongezewe viti maalumu ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na viti hivyo hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi ambazo kila chama kimeshinda. Chukua kaunti yenye wadi 30 iliyochagua wanawake 3. Wanaume ni 27, kwa hiyo lazima wanawake wafike 14, maana yake vyama vinateua wanawake 11. Ndiyo sababu mabunge ya kaunti hutimiza sharti la theluthi wakati Bunge la taifa, ambalo halikuwekewa utaratibu kama huo, limeshindwa kulitimiza, licha ya ushauri wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2012 na hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kupendekeza mnamo Septemba 2020 kwamba livunjwe.

Naitetea ibara hii kwa moyo wote. Bila hiyo, kuna mabunge ya kaunti ambayo yangekaa miaka mitano bila sauti ya mwanamke hata mmoja. Hata hivyo, vyama vimeigeuza kuwa kisingizio. Mwanamke mwenye nguvu katika wadi huambiwa ampishe mwanamume kwa ahadi ya uteuzi, na ahadi yenyewe haiwezi kudaiwa mahakamani.

Mfuatiliaji wa Ugatuzi, Nakuru

Nawashukuru nyote. Wakili, je, si afadhali basi viti hivyo viondolewe hatua kwa hatua, ili vyama vilazimike kuwasimamisha wanawake kwenye wadi?

Mratibu wa Kampeni, Kwale

Wakili aniwie radhi nikitangulia kujibu. Viti vikiondolewa leo, chama hakitalazimika kufanya lolote. Kitawasimamisha wanaume wale wale, na bunge la kaunti litabaki na wanawake wawili au watatu. Mimi ningeanzia kwenye mchujo wenyewe. Daftari la wanachama lifungwe mapema na kila mgombea apewe nakala yake, matokeo yabandikwe kituoni na kutiwa saini na mawakala wote, na mwanamke aliyenyimwa cheti asisubiri kubembelezwa. Apeleke malalamiko yake kwa maandishi kwenye kamati ya chama siku hiyo hiyo, kwa sababu Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa litamwuliza kwanza kama alijaribu njia za ndani ya chama. Kuelekea Agosti 2027, wanawake ninaofanya nao kazi tayari wanakusanya nakala za fomu na namba za simu za mawakala watakaokubali kutia saini.