Jiko la kuni lenye bomba linarudisha moshi ndani kila mchana (Igogo, Mwanza). Naomba ushauri

DadaWaMlimani
Habarini wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaojua majiko ya kuni ya kujenga. Jiko ni la tofali za kuchoma, matundu mawili ya sufuria, na limesilibwa kwa saruji ndani na nje. Mdomo wa kuni una upana wa sm 20 na kimo cha sm 25. Bomba ni la bati, inchi 3. Linatoka ukutani kwa kona mbili za mraba na kuishia chini kidogo ya ukingo wa paa. Jiko limekaa kwenye ukuta wa nyuma, na mita mbili na nusu kutoka ukuta huo kuna jiwe kubwa, haya mawe yetu ya Mwanza, limezidi mgongo wa paa kwa kama mita mbili. Ziwa liko upande wa mbele.

Asubuhi linawaka vizuri kiasi. Kuanzia saa saba mchana moshi unarudi mdomoni na jikoni hakukaliki. Kuni ni mabanzi na mikaratusi iliyokatwa mwezi uliopita, na mzigo mzima unaisha kwa siku. Saruji ya ndani imeanza kubanduka vipande.

Jambo lingine: usiku wa mvua mama mkwe anaona baridi, anataka makaa yaliyobaki yawekwe kwenye karai chumbani kwake. Kuna ubaya?

AfyaKwanza
Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloua. Makaa yasiingie chumba cha kulala hata kidogo, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hahisi hata hayo. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwenye hewa kwanza, halafu hospitali moja kwa moja, hata akisema amepata nafuu.

Usiku wa Juni na Julai hapa Mwanza joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Hiyo ni baridi ya kumalizwa na blanketi zito, soksi na chupa ya maji ya moto. Maji yachukue jikoni, yaache yapoe kidogo, funga kizibo barabara, zungushia kanga mbili, weka miguuni pake kabla hajapanda kitandani. Mama atalala vizuri.

FundiDohani
Dada, kwako kuna makosa matatu yaliyokutana. Yatenganishe, la sivyo utabomoa jiko na moshi ubaki palepale.

La kwanza ni vipimo. Mdomo wa sm 20 kwa 25 ni sm za mraba 500. Bomba la inchi 3 lina kama 45 tu. Yaani unaingiza hewa kwa mlango wa banda na kuitoa kwa tundu la funguo. Moshi usiopata njia juu hurudi ulikotoka. Kanuni ya majiko haya ni kwamba njia ya moto ibaki na ukubwa uleule kutoka mdomoni hadi bomba. Mdomo wa sm 12 kwa 12 ni 144. Bomba la inchi 5 ni karibu 127 na la inchi 6 ni karibu 182, kwa hiyo yoyote kati ya hayo mawili linafaa. Inchi 4 litumike pale tu mdomo ni sm 10 kwa 10. Watu huona mdomo mdogo ni kero kwa sababu magogo hayaingii. Lakini ndio unaokulazimisha kupasua kuni, na hapo ndipo akiba ilipo.

Chini ya sufuria pia pimwe. Sufuria yenye kipenyo cha sm 26 ina mzingo wa karibu sm 82. Gawa 144 kwa 82, unapata kama sm 1.8. Huo ndio mwanya wa moto kati ya kitako cha sufuria na jiko. Ukiacha sm 5 moto unapita mbali na sufuria, ukiacha sm 1 unaubana.

La pili ni kona. Kona ya mraba inaua mvuto wa moshi kwenda juu na inakusanya masizi. Bomba linyooke. Likilazimika kupinda, iwe nusu ya kona ya mraba. Chini ya sehemu iliyosimama acha kidirisha cha kufagilia chenye kifuniko cha bati, maana usipoweza kufagia hutafagia.

La tatu ni upepo, nalo ndilo linaloeleza kwa nini ni saa saba na si asubuhi. Mchana ardhi ikipata moto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka. Upepo ule unaligonga jiwe lako usoni, unakosa pa kupita, na shinikizo linapanda kati ya jiwe na nyumba. Bomba lako limefungukia humohumo, hivyo upepo unausukuma moshi ndani. Kofia ya bati haiondoi shida hiyo, kwa sababu kofia huzuia mvua na upepo wa kushuka, haizuii shinikizo lililozunguka bomba lote.

Kesho kabla ya kuwasha fanya jaribio. Saa nane washa kijiti cha udi, kishike mbele ya mdomo wa jiko. Fungua dirisha la upande wa ziwani, funga la nyuma, tazama moshi wa udi unaelekea wapi. Kisha geuza: la nyuma wazi, la mbele limefungwa. Halafu funga mfuko mwepesi wa plastiki uliokatwa utepe kwenye mti mrefu, uinue mahali ambapo unataka kichwa cha bomba kiwe. Utepe ukinyooka kuelekea pembeni, pale pana upepo safi. Ukijikunja, kuzunguka au kushuka, pale hapafai hata ujenge nini.

MpimaKuni
Nazungumzia kuni tu. Mkaratusi wa mwezi mmoja bado una maji mengi, na mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kila kilo ya maji inakula zaidi ya megajuli 2 za moto wako ili iwe mvuke, kabla sufuria haijapata kitu. Moto unapoa, moshi unakuwa mzito, na lami inaganda kwenye bomba. Lengo ni maji yasizidi asilimia 20.

Kupima ni rahisi. Pasua kipande katikati, chukua kijiti cha ndani, kipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ni gramu 400. Kiweke juu ya jiko la moto, kisiungue, ukipime kila baada ya saa moja hadi uzito usishuke tena. Kikiishia gramu 300, maji yalikuwa 100 kati ya 400, yaani asilimia 25. Bado hazijafaa.

Pasua unene wa kifundo cha mkono, sm 4 hadi 5. Zipange juu ya mawe au mbao zisiguse udongo, bati juu tu, pembeni wazi upepo upite. Zikikatwa na kupasuliwa Juni, kiangazi kinazikausha kabla vuli haijashika. Mabanzi membamba hukauka mapema, tumia hayo kwanza.

Usichome mbao za mitumbwi chakavu zenye rangi au lami, wala vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Moshi wake ni sumu, na majivu ya nguzo za aina hiyo yanaweza kuwa na aseniki. Yasitupwe bustanini.

FundiDohani
Nimesahau saruji. Ndani ya chumba cha moto saruji haidumu, joto linaivunja. Mawe ya hapa nayo yasitumike humo, hupasuka, na yaliyotoka majini yanaweza kuruka vipande usoni. Jenga kwa tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu. Anza na ndoo tatu za kichuguu, moja ya mchanga, na nusu ya pumba za mpunga. Kanda, acha usiku mmoja, tengeneza kitofali kimoja cha majaribio. Kikipasuka kikikauka ongeza mchanga, kikimomonyoka kwa kidole ongeza kichuguu. Kati ya chumba cha moto na ukuta wa nje jaza majivu makavu yaliyochekechwa, unene wa sm 10. Ukijaza udongo mzito, nusu saa ya kwanza unapasha jiko badala ya maharage. Wiki mbili likauke kivulini, kisha siku tatu moto mdogo.

Ndani ya mdomo weka chanja ya nondo za mm 12, sm 3 juu ya sakafu. Kuni zikae juu, hewa ipite chini. Na tundu la pili lisipokuwa na sufuria lifunikwe. Likiwa wazi, bomba linavuta hewa baridi ya jikoni badala ya moto.

DadaWaMlimani
Asanteni sana. Mama nimemweleza, amekubali chupa. Majaribio nimefanya leo saa nane. Dirisha la ziwani likiwa wazi na la nyuma limefungwa, udi unaingia mdomoni kidogo. Nikigeuza, unanijia usoni. Utepe: upande wa jiwe unazunguka na kushuka, hata mita moja juu ya paa. Upande wa mbele, mita moja juu ya mgongo, unanyooka kabisa. Je, nihamishe jiko? Paa ni bati, papi (mbao za kupigilia bati) ziko mita moja moja.

BatiNaKenchi
Hamisha dada. Kwa upande wa jiwe ungehitaji bomba la karibu mita 2.6 juu ya mgongo ili lipite jiwe, na hilo upepo utalilaza.

Ukihamia ukuta wa mbele, bomba la inchi 6 lipite katikati ya papi mbili. Nafasi inabaki kama sm 40 kila upande. Bomba la bati la tabaka moja linatakiwa sm 45 kutoka kwenye mbao, kwa hiyo pigilia ngao ya bati kwenye kila papi, ikae sm 2.5 mbali na mbao kwa vipande vya bomba la chuma, hewa ipite nyuma yake. Usitumie bomba la plastiki la maji taka hata kwa kipande cha juu, linayeyuka. Mabomba ya zamani ya asbesto nayo usiyakate wala kuyatoboa, vumbi lake linaharibu mapafu.

Shingo ya bomba ikatwe kwenye bati la sm 60 kwa 60. Ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu, wa chini ukae juu ya bati la chini. Mafundi wengi hugeuza, na mvua ya masika inashuka na bomba hadi kwenye jiko.

Kwa kuwa linazidi mgongo wa paa kwa mita moja na upepo wenu ni mkali, lifunge kwa waya tatu za mabati, pembe sawa kuzunguka. Kofia ikae sm 15 juu ya kichwa cha bomba. Ukiogopa cheche kwa nyasi za jirani wa chini, weka wavu wa matundu ya mm 12. Mdogo zaidi ya huo unazibwa na masizi ndani ya wiki chache. Fagia kila mwezi kwa gunia lililofungwa kwenye kamba na jiwe, ukivuta kutoka juu hadi kwenye kidirisha cha chini. Ukikuta ngozi nyeusi inayong'aa badala ya unga mkavu, kuni bado ni mbichi.