Mpunga umeota kuvu ndani ya mifuko isiyopitisha hewa: kosa liko wapi?

Mkulima wa Mtambwe

Assalaam alaykum wenzangu. Ninalima mpunga wa kutegemea mvua kwenye konde la eka moja na nusu hapa Mtambwe, Wilaya ya Wete. Kwa miaka mingi tulikuwa tukihifadhi mavuno katika mapolo ya kawaida chumba cha uani, na kila ikikaribia Novemba tukifungua mlango wanaruka nondo wadogo wa rangi ya majani makavu, na punje nyingi tunazikuta ganda tupu. Mwaka huu nilinunua mifuko 6 isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na polo nje, na muuzaji akanihakikishia kwamba nikishaufunga mpunga humo sina haja ya dawa wala ya wasiwasi wowote.

Tulivuna mwisho wa Juni, tukaanika siku 3 juu ya majamvi, na siku moja kati ya hizo ilikuwa ya manyunyu. Tukatia, tukafunga, tukaiegemeza mifuko ukutani. Mmoja tuliuacha wa matumizi ya nyumbani, kila wiki tunachota pishi moja au mbili. Juzi nilipotia mkono hadi kiwikoni, upande ulioelekea ukuta nilikuta punje zimeshikana madonge na zina ukungu wa kijani, na harufu yake ni kama ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Mdudu hata mmoja sikumwona. Je, mifuko hii haifai visiwani kwetu, au nimekosea mimi? Na ule mpunga ulioharibika, nikiuosha na kuuanika upya utafaa, au angalau niwape kuku?

Bibi shamba mstaafu, Chake Chake

Waalaykum salaam mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo lina hatari. Madonge yale usiyaoshe, usiyapike, wala usiwape kuku. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi na ambayo haionekani kwa macho, kwa hiyo hata punje iliyofutwa ukungu ikang'aa inaweza kuwa nayo. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa mahindi ya namna hiyo. Ama kuhusu kuku, sumu hii ilikuja kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu, na ndege wa nyumbani ni katika wanyama wanaoathirika upesi. Chimba shimo uyafukie.

Sasa mifuko. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani uliofanywa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, na uliwalenga wakulima wa kunde waliokuwa wakisumbuliwa na fukusi. Wadudu waliofungiwa humo huvuta hewa iliyobaki mpaka ikapungua sana, wakaacha kula, wakaacha kuzaana, na hatimaye wakafa. Kazi hiyo mifuko yako imeifanya, ndiyo maana hukuona nondo. Lakini plastiki inayozuia hewa isiingie inazuia pia maji yasitoke. Polo la kawaida hupumua. Mpunga mbichi kidogo ukitiwa humo hupunguza unyevu wake wenyewe siku hadi siku, ingawa wadudu wanaula. Mfuko huu haukaushi kitu: unaupokea mpunga na kuuweka kama ulivyoupokea. Muuzaji aliyekwambia usiwe na wasiwasi alikueleza nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokugharimu.

Na upande wa ukutani haukuharibika kwa bahati mbaya. Ukuta hupoa usiku, plastiki inayougusa hupoa pamoja nao, na mvuke uliomo ndani hugeuka matone pale pale, kama bilauri ya maji baridi inavyotoka jasho. Kisha kila wiki mkifungua mnaingiza hewa mpya, na kuvu linapata pumzi. Mfuko wa kuchota kila siku na mfuko wa akiba havipaswi kuwa kitu kimoja. Cha matumizi tia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, mifuko mingine usiiguse mpaka siku ya kuihitaji.

Sisi watu wa Pemba tuna jambo la ajabu. Karafuu zikiwa majamvini, likidondoka tone moja nyumba nzima inaamka kuanua, hata iwe usiku wa manane, maana kila mtu anajua bei ya karafuu iliyoloa. Mpunga, ambao ndio tutakaoula, tunauacha nje mpaka baada ya Magharibi tukisema umande hauudhuru. Unaudhuru. Hewa yetu ina maji mengi, na mpunga uliokwisha kukauka vizuri ukikaa wazi penye unyevu wa hewa wa asilimia 80 huyanywa maji hayo mpaka ukarudi kwenye asilimia 14 au 15, wakati tunautaka uwe asilimia 13 au chini yake kabla ya kufungwa. Uanike juu ya turubali au sakafu ya saruji, kwa sababu jamvi lililotandikwa juu ya udongo linapitisha unyevu wa chini. Unene wake uwe wa vidole viwili, ugeuze kila baada ya nusu saa hivi, uanue mapema alasiri na uufunike, kesho uendelee. Siku 3 za kipupwe, moja ikiwa ya manyunyu, ni kama siku moja na nusu.

Kujua kama umekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mpunga hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika moja na uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mpunga bado una unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Ikidondoka yote, una unafuu, ila mimi huongeza siku nyingine ya jua kwa usalama, kwani kipimo hiki hakiwezi kutofautisha asilimia 14 na 13.

Mzee wa Micheweni

Yote hayo ni sawa, lakini msiwasahau wazee. Mama yangu aliweka mpunga wa mbegu darini juu ya jiko, ukala moshi tangu mavuno hadi msimu wa kupanda, na ulikuwa ukiota. Moshi unakausha na unafukuza wadudu, na haununuliwi dukani. Tulipoanza kuezeka bati na kupika kwa mkaa, dari hizo zikatoweka, na hapo ndipo tulipoanza kuzungumzia mifuko.

Fundi wa mashine ya kukoboa

Shikamoo mzee wangu. Dari ilifaa kwa mbegu, ambazo ni pishi chache. Mavuno ya eka nzima hayakai juu ya jiko.

Ninaongeza jambo moja kwa mwenye swali. Usiseme sasa kwamba utauanika mpunga juani siku nzima bila kuugeuza ili uwahi. Punje iliyokaushwa kwa pupa hupasuka ndani ya ganda, na ikifika kwenye mashine yangu inatoka chenga. Wateja hunilaumu mimi, wakati nikimenya punje moja kwa kucha mbele yao na kuielekeza kwenye mwanga, ufa wake unaonekana. Jua la saa sita likiwa kali, ufunike au uusogeze kivulini kwa saa mbili. Na usiutie mfukoni ukiwa bado wa moto kutoka juani. Uache upoe kwanza, la sivyo yatarudi yale matone ya jasho aliyoyaeleza Bibi.

Mkulima wa Mtambwe

Nawashukuru nyote. Madonge nimeyafukia, na mfuko ule wote nimeukosa, kwa sababu sikuthubutu kuutenga mzuri na mbaya. Nimejaribu chumvi kwa mifuko 5 iliyobaki. Mara ya kwanza iliganda kwenye chupa zote tano, nikakaribia kukata tamaa, mpaka mke wangu akaniuliza chumvi yenyewe nimeitoa wapi. Niliitoa kwenye kopo la jikoni, nayo ilikuwa imeloa tangu zamani. Tukaikaanga kavu kwenye sufuria, tukaiacha ipoe, tukarudia. Safari hii mifuko 3 ikaganda na 2 ikadondoka. Ile miwili, nilipokumbuka vizuri, ndiyo tuliyoianika kwenye sakafu ya saruji ya jirani kwa sababu majamvi hayakutosha.

Ile mitatu nimeimwaga yote na kuichunguza. Haina ukungu wala harufu, nadhani kwa kuwa haikuwahi kufunguliwa. Tangu juzi iko juani kwenye sakafu ile ile ya jirani, watoto wanageuza kwa zamu wakitoka skuli, na saa kumi tunaanua. Mifuko yenyewe nimeipuliza na kuiminya kutafuta tundu. Mmoja plastiki ya ndani imechanika karibu na chini, nafikiri kwa ncha za mpunga tulipoushindilia, kwa hiyo huo nitautilia mapumba tu. Mingine nitaipanga juu ya mbao, mbali na ukuta kwa kiasi cha mtu kupita, na panya pia nitamwona akipita hapo. Leo jioni chumvi imebaki chembe chache tu kwenye kioo. Kesho tunaanika tena.