Kikohozi kikavu cha mama: vidonge gani vya mitishamba vya kumung'unya vinafaa?

Mdau wa Kilosa
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua mambo ya dawa.

Mama yangu ana miaka sitini na kitu, yupo Kilosa. Anakohoa kikavu, makohozi hana, homa hana. Anasema koo linamtekenya, akianza haachi mpaka machozi yamtoke, na usiku ndiyo balaa. Sasa tunaingia mwezi wa tatu. Sirapu amekunywa za kila rangi. Kinachompa nafuu ni vile vidonge vya mitishamba vya kumung'unya, vya kahawia, vya duka la dawa. Tatizo nafuu yenyewe inadumu robo saa, anaweka kingine. Pakiti haivuki siku.

Kuna vikali zaidi ya hivyo? Au nimtengenezee nyumbani? Nasikia karafuu ni kiboko. Dawa za presha pia anatumia, kama hilo lina maana yoyote.

Jembe la Mkono
Hicho ni kimeo mkuu, wala usihangaike na pipi. Kwetu kuna mzee anakata, dakika moja tu, kikohozi kwisha.

Bibi Karafuu
Mwanangu pole, na mama mpe pole. Sisi Pemba tunatengeneza wenyewe. Twanga tangawizi mbichi, chemsha na karafuu chache na kijiti cha mdalasini, chuja. Maji yake nusu kikombe tia sukari kikombe kimoja, ndimu matone mawili tu (ukizidisha zinanata). Weka moto wa wastani, na usikoroge ovyo maana sukari itarudi kuwa chenga. Ikianza kutoa mapovu mazito na rangi kugeuka, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likiwa laini kama ulimbo, bado. Likigonga chini "tak" na ukiling'ata linavunjika, epua haraka. Dondosha kwa kijiko kwenye sinia lililopakwa mafuta, zikipoa zigaragaze kwenye sukari ya unga zisigandane. Karafuu inatia ganzi koo, ndiyo maana hata jino likiuma tunaiweka.

Mfamasia wa Zamu
Mdau, kabla hatujafika kwenye vidonge vikali naomba vitu viwili. Kwanza, andika hapa majina ya dawa za presha anazotumia. Pili, soma nyuma ya hiyo pakiti ya vidonge utuambie kuna nini.

Na wewe Jembe, kimeo hakisababishi kikohozi cha miezi. Kila mtu anacho, na kule nyuma ya ulimi kina kazi yake. Watu wanaletwa hospitali wakivuja damu au wana maambukizi baada ya kukatwa na wembe. Usimpeleke mama wa mwenzio huko.

Tiba Asilia Original
Ninavyo vidonge vya asili, vinatibu kikohozi, pumu na TB. Njoo inbox.

Mama Tunu
@Tiba Asilia Original, namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ipi? Iweke hapahapa tuione.

Mdau wa Kilosa
Shikamoo Bibi Karafuu, asante sana, nitajaribu.

Mfamasia, nimempigia dada amesoma. Presha: enalapril, na kingine cha kumkojoza. Enalapril walimwanzishia mwaka huu. Pakiti ya vidonge imeandikwa Glycyrrhiza glabra, Ocimum sanctum, Zingiber officinale, Curcuma longa, Adhatoda vasica, mentholi, sukari.

Mfamasia wa Zamu
Nilihisi hivyo. Nitaandika kirefu kidogo.

Enalapril, captopril, lisinopril, hizi zinazoishia na "pril", ni dawa nzuri za presha lakini zina tabia moja: baadhi ya watumiaji, karibu mmoja katika kumi, huwaletea kikohozi kikavu cha kutekenya, kinachozidi usiku. Zinazuia kimeng'enya ambacho pia huvunja kitu kiitwacho bradikinini. Kisipovunjwa kinarundikana kwenye njia ya hewa, mishipa ya fahamu inawashwa, mtu anakohoa. Kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa, kwa hiyo watu hawaunganishi. Wanawake hupatwa zaidi.

Sijamwona mama yako, siwezi kuapa kwamba ndicho hicho. Kikohozi kilichovuka wiki 2 kwanza kinapimwa TB, na vituo vya serikali vinapima na kutibu bure. Lakini arudi kliniki, ataje enalapril kwa jina. Dawa asiiache mwenyewe! Daktari anaweza kumbadilishia, mara nyingi losartan, ambayo kikohozi hiki huleta kwa nadra.

Sasa vidonge. Ocimum ni jamii ya mrehani, Zingiber ni tangawizi, Curcuma ni manjano. Adhatoda ni mmea wa India wa siku nyingi. Bromhexine, dawa ya kulainisha makohozi, ilitokana na kemikali yake. Mentholi ya mnanaa inaamsha neva zinazohisi baridi, koo linapoa kwa muda. Kumung'unya kwenyewe kunaleta mate, ukimeza unatuliza koo. Ndiyo maana nafuu ni robo saa, kazi yake inaishia hapo.

Ninachokiogopa ni hiyo Glycyrrhiza, yaani susu. Ni tamu, inalainisha koo, na kidonge kimoja viwili havina neno. Lakini mtu wa presha akila pakiti kila siku, susu inaufanya mwili ushike chumvi na maji na kupoteza potasiamu. Presha inapanda. Dawa nyingi za kukojoza nazo hupoteza potasiamu, kwa hiyo wanasukuma upande mmoja. Mama asimamishe hivyo vya susu leo. Atafute vya tangawizi na mnanaa peke yake, au anywe maji ya uvuguvugu yenye asali.

Fundi Redio
Duh. Mzee wangu anatumia captopril na anakohoa kila ibada, tumeshamzoea. Nampigia sasa hivi.

Mama Tunu
Mfamasia na mimi nichomekee. Mwanangu ana miaka mitatu, koo linamuuma. Nimpe kidonge cha kumung'unya?

Mfamasia wa Zamu
Hapana mama, umri huo kinaweza kumpalia. Kijiko cha asali kinatosha (wa chini ya mwaka mmoja asali hapewi kabisa). Ila akiwa na homa, mafindofindo yamevimba na hakohoi, apelekwe hospitali. Bakteria wa koo asipotibiwa vizuri anaweza kuja kuharibu moyo wa mtoto, hasa wale wa umri wa shule.

Jembe la Mkono
Sawa, kimeo nimekifuta. Ila yule mzee ana foleni kweli.

Mdau wa Kilosa
Wakuu narudi na mrejesho. Mama alikwenda kliniki, TB hana, eksirei ya kifua safi. Daktari alipoambiwa enalapril akabadilisha akampa losartan, na presha ilikuwa juu kweli. Kikohozi hakikukata siku hiyohiyo, alituambia kinaweza kuchukua wiki kadhaa, lakini sasa usiku analala. Mfamasia, Mungu akubariki.

Za Bibi Karafuu nimezipika, zimetoka vizuri, ila mama analalamika sukari ni nyingi. Nipunguze?

Mfamasia wa Zamu
Shukrani. Presha wapime tena, na potasiamu pia kwa kuwa dawa imebadilika na susu ameacha.

Bibi Karafuu
Marahaba mwanangu. Sukari ukipunguza hazigandi, utakula uji. Mvunjie nusu nusu.