Pedi mkononi au helmeti kichwani? Mjadala wa wazazi tulio Marekani

Mtoa mada, Columbus, Ohio

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyoigawa nyumba yangu na sasa imeanza kuwagawa ndugu na majirani. Una mtoto wa kiume wa miaka 11, mpira wa Kimarekani umemkaa kichwani kuliko chakula. Umwache aucheze wapi: sebuleni, pedi ya gemu mkononi, au uwanjani, helmeti kichwani, akigongana na wenzake? Mimi nimechagua sebuleni. Shemeji zangu wanasema nimemfungia mtoto ndani kama kuku wa kizungu. Naeleza sababu zangu, nanyi mnipinge bila kunionea haya.

Mnijue kwanza. Nimekulia Tanga, Ngamiani, miaka ya tisini, na mchezo mmoja kibandani niliulipia kwa hela ya maandazi ya shule. Mama alinitoa mle kwa fimbo zaidi ya mara moja. Kwake kibanda cha gemu na kijiwe cha wavuta bangi vilikuwa kitu kimoja. Leo nina miaka 43, nina watoto watatu, naingia zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, na bado nacheza. Sisemi kama mzazi anayeogopa kitu asichokijua.

Kwa mlio mbali: huku mpira wa vyuo si bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Ohio State, hapa mjini kwetu, unaingiza watu 102,780. Uwanja wa Mkapa pale Dar unachukua 60,000. Jumamosi za vuli timu ikiwa nyumbani, mji mzima unageuka mwekundu, na mtoto asiyejua matokeo hana cha kuongea shuleni Jumatatu. Mwanangu amezaliwa humu. Tarehe 30 Novemba 2024, Michigan walipokuja kutufunga 13 kwa 10 hapahapa nyumbani, alilia kama nilivyokuwa nikiililia Coastal Union. Usiku ule aliwasha gemu, akachagua timu zilezile mbili, akairudia mechi mpaka akashinda. Nilikaa kando yake nimeshika pedi ya pili. Tuliongea habari za kushindwa karibu saa nzima, na wala si mimi niliyeanza. Mtoto wa umri ule ukimkalisha kitini ukamwambia "tuongee", anafunga mdomo. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe.

Na gemu yenyewe, hiyo ya mpira wa vyuo, ina kisa ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Toleo la 2013, NCAA Football 14, lilikuwa la mwisho kwa miaka 11. Lililoikata ni kesi. Ed O'Bannon, aliyecheza mpira wa kikapu chuo cha UCLA na kutwaa ubingwa wa 1995, alimkuta mtoto wa rafiki yake akicheza gemu ya kikapu yenye mchezaji aliyefanana naye kwa kila kitu: namba 31, upara, mkono wa kushoto. Jina tu ndilo halikuwepo, na yeye hakuwa amelipwa hata senti. Akafungua kesi mwaka 2009. Mwaka huohuo Sam Keller, aliyewahi kuwa kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, wa vyuo vya Arizona State na Nebraska, naye akaenda mahakamani. Kufikia 2014 watengenezaji wa gemu na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, walikuwa wamekubali kulipa jumla ya dola milioni 60. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Gemu iliporudi Julai 2024, kila mchezaji aliyekubali kuingizwa alipewa dola 600 na nakala yake. Zaidi ya 10,000 walikubali.

Nilimsimulia mwanangu yote hayo. Akauliza: "Baba, kwa hiyo zamani walikuwa wanawauza bila kuwauliza?" Kisha akauliza kama dola 600 zinatosha. Hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anataka kwotabeki apate zaidi. Mimi nasema wapate zaidi wale wanaomkinga, maana ndio wanaoumia.

Sasa mwaka jana kocha mmoja wa timu ya mtaa alimwona: mrefu, mabega mapana. Akaniomba mtoto. Nikakataa. Msimamo wangu ni kwamba hagongani na mtu mpaka afike miaka 14. Kabla ya hapo ni gemu, saa moja siku za shule na saa mbili wikendi, nami nikiwa kando yake kila ninapokuwa nyumbani. Nimekosea wapi?

Mama wa wavulana wawili, Dallas

Kaka, pole na zamu za usiku, lakini hapo sikubaliani nawe. Mkubwa wangu ana miaka 15, anacheza timu ya shule, na Texas hii mechi ya Ijumaa usiku ni kama sikukuu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa gemu. Anakula mbele ya skrini. Mgeni akiingia, hamwamkii. Ukimwita anakujibu "subiri" bila kugeuza shingo. Mtoto niliyemfundisha shikamoo kabla hajajua kutembea!

Uwanja ndio ulionirudishia mwanangu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuitwa. Kocha akisema alama zikishuka hachezi, vitabu vinafunguliwa, wakati mimi mama yake niliomba miaka mitatu sikusikilizwa. Gemu haiwezi kumfundisha mtoto kuinuka akiangushwa, kwa sababu kule anayeangushwa si yeye.

Na tuseme lile tunaloliona haya. Tuna matumaini ya skolashipu. Mimi nasafisha ofisi. Ada ya chuo sitaiweza.

Muuguzi, Minneapolis

Dada wa Dallas, hoja ya nidhamu naiheshimu, nimeiona hata kwa watoto wa dada yangu. Ila tusiuzungumzie mpira huu kana kwamba kinachohatarishwa ni goti. Mwaka 2017 wataalamu wa Boston walichapisha uchunguzi wa bongo za wachezaji waliofariki. Kati ya 111 waliowahi kucheza NFL, ligi kuu ya kulipwa, 110 walikutwa na CTE, ugonjwa unaokula ubongo polepole, ambao mpaka sasa unathibitishwa baada ya mtu kufa tu. Walioishia mpira wa chuo, 48 kati ya 53. Walioishia sekondari, 3 kati ya 14.

Nitoe angalizo ili nisije nikawatisha bure. Bongo zile zilitolewa na familia, na nyingi zilikuwa zimeshaona dalili kwa wagonjwa wao, kwa hiyo huwezi kusema kila anayecheza ataugua. Lakini ile siku moja aliyozimia mtoto ndiyo tunayoikumbuka sisi wazazi. Ubongo unakumbuka miaka yote ya kugongwagongwa kidogokidogo. Ndiyo maana mtoto akichelewa kuanza, ameokoa kitu.

Mtoa mada, nawe usishangilie. Kuna flag, ile ya kuchomoa kitambaa kiunoni badala ya kumwangusha mtu. Itachezwa hata Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mtoto anakimbia, anatoka jasho, anapata kocha na marafiki. Mbona umetupa njia mbili tu? Na saa yako moja ya gemu sina ugomvi nayo. Nauliza habari za saa zinazobaki kabla ya kulala. Anafanya nini, ukiwa wewe umelala kwa ajili ya zamu?

Baba, Louisville, Kentucky

Mimi ni Mkongomani, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa, na neno skolashipu nalisikia kila Jumapili baada ya ibada. Wapendwa, tuhesabu. Wanaocheza mpira huu sekondari nchi nzima ni kama milioni moja. Wanaofika timu za vyuo vya NCAA ni kama saba katika kila mia. Na si kila chuo kinalipa: daraja la tatu lote halitoi skolashipu ya michezo hata moja. Wanaotoka chuo kwenda NFL hawafiki wawili katika mia.

Kila nikisema haya ananyanyuka mtu kunitajia Hasheem Thabeet, mcheza kikapu, kijana wa Dar aliyesoma chuo cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Thabeet ana urefu wa zaidi ya futi saba. Urefu ule hakufundishwa na kocha.

Sasa pesa imekuwa nyingi zaidi. Tangu suluhu ya mahakamani ya Juni 2025, chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake pesa moja kwa moja; kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025-26, kilikuwa dola milioni 20.5. Ndoto imezidi utamu, ila milango haikuongezeka. Binti yangu alipata msaada wa ada kwa alama za hesabu. Hakuna aliyempigia makofi uwanjani, lakini barua ilifika.

Mwalimu, Mombasa

Huo mpira wenu siujui, lakini duka naliona hata nikiwa Likoni. Mtoa mada ametueleza gemu kana kwamba ni ile ya kibandani Ngamiani, unalipa, unacheza, unatoka. Gemu za leo hazikuachii utoke. Ndani ya hiyo ya vyuo kuna sehemu inayoitwa Ultimate Team: unanunua pakiti bila kujua umepata mchezaji gani, unafungua, taa zinawaka, unakosa, unanunua nyingine. Umeilipia gemu dola 70 na bado kuna meza ya kamari ndani yake. Ubelgiji waliliona hilo mwaka 2018, wakasema ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni hiyohiyo inayotengeneza gemu ya vyuo ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za gemu yake ya soka.

Ninafundisha kidato cha pili. Wavulana wangu wanabeti kwa simu za mama zao. Hawakuanza kwa kubeti. Walianza kwa kufungua visanduku vyenye taa. Helmeti inaumiza kichwa, sawa, lakini pakiti nayo inaingia kichwani. Hili umelinyamazia.

Mtoa mada

Mwalimu, umenishika pabaya, na sitakwepa. Miaka miwili iliyopita, kwenye gemu nyingine kabisa, mwanangu alitumia dola 140 za kadi yangu kwa juma moja. Alikuwa na miaka tisa. Alipofungua ya mwisho akakosa, alikuja mwenyewe kuniambia, anatetemeka. Nilitaka kumchapa. Kisha nikakumbuka hela za maandazi, na kwamba kadi niliiacha imo kwenye konsoli kwa uvivu wangu mimi.

Nikaitoa kadi, nikaweka neno la siri la ununuzi, na ile sehemu ya pakiti kwetu haichezwi. Tunacheza ile ya kumkuza mchezaji mmoja chuoni. Kila wiki unagawa nguvu zake: masomo, mazoezi, afya, uongozi, na kujitafutia jina. Ukisahau masomo, alama zinashuka. Mwanangu amefanya bidii kumpandishia mtu wa kwenye skrini alama za darasani, na mama yake akamuuliza za kwake ziko wapi. Lakini nakiri: lebo ya gemu imeandikwa ni ya watu wote, na ni mzazi anayecheza ndiye anajua mtego uko chumba gani. Asiyecheza atajuaje? Hapo nakubali kwamba ushauri wangu wa "gemu tu" hauifai kila nyumba.

Muuguzi, flag niliiwaza nikaipuuza kwa sababu mazoezi ni saa kumi jioni nikiwa usingizini. Hiyo ni sababu yangu, si ya mtoto. Shemeji mmoja ana gari, nitamwomba. Hizo saa zinazobaki anakaa na dada yake na kompyuta ndogo ya shule, na kusema kweli sijui vizuri.

Ila dada wa Dallas, ya miaka 14 sirudi nyuma.

Kijana, Des Moines

Shikamooni wote. Nina miaka 19, nilicheza sekondari miaka minne, baba yangu ni wa Bukavu. Nawaambia kitu ambacho hamjakiuliza. Nikiwa mwaka wa pili niligongwa upande wa sikio, nikaona uwanja mweupe. Nilimaliza mechi nikiwa sijui tuko robo ya ngapi. Nilikuwa namfuata aliye mbele yangu. Sikumwambia kocha, kwa sababu aliyekuwa akisubiri nafasi yangu alikuwa mzuri. Sikumwambia mama, kwa sababu angenitoa. Baba ndiyo kabisa, maana alikuwa ameshawatangazia watu kanisani kwamba vyuo vinaniangalia. Wiki mbili sikuweza kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Walimu wakasema nimekuwa mvivu.

Mpira ulinipa marafiki nilio nao mpaka leo, simkatazi mtu. Lakini ile nidhamu mnayoisifu ndiyo iliyonifundisha kunyamaza. Mama wa Dallas, naomba umuulize mwanao, si mbele ya watu, wala usiulize "unaumia?" Muulize kama amewahi kuficha.

Mama wa wavulana wawili, Dallas

Mwanangu, marahaba. Nimelisoma lako nikiwa kazini, nimelirudia mara tatu.

Mechi yake ni Ijumaa. Nimemsubiri arudi mazoezini, nikamwekea chakula, wala sikuuliza mpaka alipomaliza sahani. Akaniambia hapana. Nikaendelea kuosha vyombo. Akaja akasimama pale mlangoni, akasema, "Mara moja, mama. Mwezi wa tisa."